Dipoziti ya bedsita Kakamega: sheria iiwekee kikomo au tuwaachie wenye ploti?

Mpangaji, Lurambi (mwanzisha mjadala):
Tuseme umepata kazi Kakamega na mshahara wa kwanza bado uko mbali. Umezunguka Sichirai, Amalemba mpaka Kefinco, hatimaye ukapata bedsita, chumba kimoja cha kulala na kupikia, ya 5,000 kwa mwezi. Kodi yenyewe utaimudu. Shida ni kupewa ufunguo. Msimamizi wa ploti anakutajia kodi ya mwezi wa kwanza 5,000, dipoziti 5,000, dipoziti ya maji 1,000, ya stima 1,000, na ajenti naye ananyoosha mkono. 12,000 zimeenda na hujanunua hata godoro. Wengi hapo wanafuliza, yaani wanakopa kwa M-Pesa, na mwezi wa pili wanaanza na deni.

Hiyo ya stima ndiyo inayonikera zaidi. Mita ni ya tokeni! Nisiponunua tokeni nitalala gizani, basi. Deni la kulindwa kwa 1,000 yangu litatoka wapi?

Halafu siku ya kuhama, hadithi ya rangi. Umekaa miaka miwili, ukuta umefifia kama ukuta wowote unavyofifia. Msimamizi anahesabu matundu ya misumari ya pazia, anatikisa kichwa, anakwambia dipoziti imeisha kwa rangi. Anayeingia baada yako anakuta rangi ileile na matundu yaleyale, naye anatoa dipoziti.

Msimamo wangu: dipoziti isizidi kodi ya mwezi mmoja, ilipwe kwa awamu tatu, na ikikatwa nionyeshwe risiti ya fundi. Mnasemaje?

Mwenye ploti, Shirere:
Ndugu, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kuamka akakuta mpangaji amehepa usiku na kodi ya miezi miwili, tena amebeba balbu na bomba la sinki.

Nina vyumba sita vya 4,500. Vikijaa mwaka mzima ni 324,000, na hapo nimeshapita 288,000, pale KRA, mamlaka ya ushuru, inapoanza kudai ushuru wa mapato ya nyumba. Inachukua asilimia 7.5 ya pesa yote iliyoingia, si ya faida, kwa hiyo 24,300 inaondoka. KRA haiulizi kama nilibadilisha mabati yaliyovuja, na mvua ya Kakamega mnaijua. Angalau tangu 2024 imeshuka, zamani ilikuwa asilimia 10.

Mpangaji akikataa kulipa, sheria hainiruhusu kubeba vitu vyake mwenyewe, lazima nitumie dalali mwenye leseni. Haya, dalali apige mnada nini? Meko ya gesi na subwufa? Gharama yake inapita deni lenyewe. Dipoziti ndiyo mahakama yangu.

Mwanafunzi, Masinde Muliro:
Nyinyi mnalia mwezi mmoja? Kuna ploti huku zinataka kodi ya muhula mzima kwa mkupuo. Mkopo wa masomo wa HELB ukichelewa mnabanana watatu kitanda kimoja. Na kuna ajenti alinitoza 500 kunionyesha vyumba vitatu. Viwili vilikuwa na watu ndani, wa pili alikuwa anapika.

Mwalimu, Khayega:
Hameni mjini. Huku kodi iko chini na dipoziti ni ya kuongea, mwenye nyumba mnakutana naye kanisani.

Mpangaji, Lurambi:
Mwalimu, wewe unafundisha hukohuko. Anayeingia zamu ya usiku hospitalini mjini atatoa nauli ya boda kila siku mpaka kile alichookoa kwenye kodi kiishe.

Msomaji, Mumias:
Sheria ipo, ila imezeeka. Sura ya 296, ile ya kudhibiti kodi, inalinda wapangaji wa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi, kwa kipimo cha Januari 1981. Wakati huo 2,500 ilikuwa nyumba ya bosi. Leo bedsita ya 5,000 iko nje, kwa hiyo sheria iliyowekwa kumlinda mnyonge inamruka. Kulikuwa na mswada wa 2021 wa kuiunganisha na ile ya wapangaji wa maduka na ile ya kukamata mali kwa deni la kodi. Mimi ningeanza na hiyo 2,500. Isipoinuliwa, kikomo chochote mtakachoandika cha dipoziti hakitakuwa na mahali pa kushtakia.

Mfanyakazi wa kaunti:
Na hii asilimia 1.5 tunayokatwa kwenye mshahara ya nyumba za bei nafuu je?

Msomaji, Mumias:
Zile ni za kununua polepole. Anayetaka chumba cha kupanga mwisho wa mwezi huu hazimfai.

Mpangaji, Lurambi:
Mzee wa Shirere, hofu ya kuhepwa naielewa, ndiyo maana sikusema dipoziti ifutwe. Lakini hujagusa stima, na rangi umeipita kimya. Ukuta kufifia ni sehemu ya biashara, kodi ya miaka miwili imeshalipia. Siku ya kuingia tupige picha kwa simu, wewe ubaki nazo nami nibaki nazo. Nikivunja kioo, kata. Matundu ya misumari, hapana.

Mwenye ploti, Shirere:
Ya stima nakubali. Ilianza enzi za bili ya mwisho wa mwezi, mtu akihama anakuachia deni. Mita zikabadilishwa, sisi tukasahau kubadilisha orodha ya malipo. Wengine hawakusahau, walinyamaza tu. Picha pia sawa. Rangi tutagawana nusu kwa nusu. Awamu ni mbili, si tatu, na aje na mdhamini ninayeweza kumpata kwa simu.

Mwanafunzi, Masinde Muliro:
Mdhamini tena? Mimi mdhamini wangu ni mama yangu, na simu yake inashika akipanda kilimani.

Mwenye ploti, Shirere:
Basi mlete mama mwenyewe tuongee.