Nyumba ya Mama, Ujiji: gumzo la Jumamosi usiku

Desemba 2024, kikundi cha familia: Mwajuma, Shabani na Yusufu ni watoto wa Mama; Rehema ni mkwe; Zaituni ni wifi wa Mama; Mussa ni mjomba wa watoto; Nasra ni mjukuu aliyeko kwa Mama, yeye humwita Bibi

Nasra: Shikamooni wakubwa. Huku Ujiji mvua imeanza tangu alasiri na haijapumzika. Umeme ulikatika, sasa umerudi.

Shabani: Marahaba. Chumba cha Mama je? Ile kona ya nyuma tuliyoitengeneza mwaka huu?

Nasra: Pakavu mjomba. Nimepapasa ukuta kutoka chini mpaka usawa wa kifua, hauna hata ubaridi. Natuma picha.

Nasra: [picha]

Rehema: Alhamdulillah! Mwaka jana wakati kama huu tulikuwa tunaambiwa kitanda cha mama kimesogezwa katikati ya chumba.

Zaituni: Na godoro linaanikwa kila kukicha. Wifi yangu aliteseka jamani.

Mwajuma: Picha haionyeshi chini. Nasra, piga pale lipu inapokutana na sakafu. Chumvi ilikuwa inaanzia pale.

Nasra: Sawa mama.

Nasra: [picha]

Mussa: Hii nimeiona. Lipu ina rangi moja juu mpaka chini, hakuna mstari mweusi. Ukuta umetulia. Sasa nataka kujua maji ya bati yanakwenda wapi. Gata inapeleka kwenye tenki au inafurika njiani?

Nasra: Inapeleka babu. Tenki lilishajaa kabla ya magharibi. Sasa yanatokea bomba la juu, yanaingia kwenye mtaro wa Mjomba Yusufu.

Yusufu: Mtaro umeshapewa jina! Nimefurahi sana.

Shabani: Lita 2,000 zimejaa kwa mvua ya leo tu?

Nasra: Kwa nini zisijae mjomba? Bati ni mita 10 kwa 8, hizo ni mita za mraba 80. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba inatoa lita moja. Kwa hiyo milimita 25 ni lita 2,000. Tuseme ipite hapo kidogo, maana mengine yanaruka pembeni. Na gata tumeweka pande zote mbili.

Zaituni: Mtoto kamaliza kidato cha nne juzi tu Novemba, leo anatufundisha sisi. Mungu akupe matokeo mema mjukuu wangu.

Nasra: Amina bibi.

Mussa: Ya kunywa mnachemsha?

Nasra: Tunachemsha. Na zile mvua za kwanza za Oktoba tulichomoa bomba, hatukuruhusu yaingie. Yalitoka mekundu kama chai ya rangi, vumbi la kiangazi kizima na kinyesi cha ndege.

Mussa: Vizuri sana. Hivyo hivyo kila mwaka, mvua za kwanza ni za kuosha bati.

Shabani: Haya, kwa kuwa ukuta umeshinda mtihani, Dada tufunge mwaka. Hesabu uliyotuma nimeipitia, iko sawa. Nataka tupange mwakani tuanze na nini. Mimi nasema malumalu sebuleni. Mama apate sebule nzuri.

Rehema: Hata mimi nilikuwa nafikiria hivyo. Ikifika Idi tukute sebule inang'aa.

Mwajuma: Nitalisema hilo, lakini kwanza niandike mwaka ulivyokwenda, kwa sababu Zaituni na Rehema mlikuwa mbali na mengine mmeyasikia nusu nusu.

Mwajuma: Januari ukuta wa nyuma ulipopasuka kwenye kona, fundi wa kwanza alisema tubandue lipu, tupige nyingine, tupake rangi. Tulikuwa karibu kumpa kazi. Mjomba Mussa akakataa. Akangoja siku ya mvua kubwa, akavaa koti lake la kazini, akasimama uani na mwavuli muda mrefu anaangalia tu. Mama anamwita aingie ndani, haingii. Aliporudi alikuwa na jibu. Maji ya bati yalikuwa yanadondokea chini ya ukuta wenyewe, yamechimba mfereji, matofali ya chini yako wazi. Na kiwanja kimeinamia nyumba, kwa hiyo maji ya njia ya nyuma nayo yanakuja kulala kwenye msingi. Tungepiga lipu mpya juu ya ukuta uliolowa, ingebanduka masika hiyo hiyo, na pesa zetu nazo.

Mussa: Mimi nimekulia kwenye reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na miaka yote hiyo adui yake mkubwa ni maji. Kalavati likiziba, tuta linaondoka. Kule kati ya Kilosa na Gulwe mafuriko yameikata mara ngapi? Huwezi kupanga reli mpya juu ya tuta linalolowa. Nyumba ni vilevile. Jua kwanza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, ndipo umwite fundi.

Zaituni: Na ile masika haikuwa ya mchezo. Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda mpaka Bujumbura watu wakahama makwao.

Yusufu: Huku mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, tulikuwa tunasogeza mitumbwi kila siku. Ukilala umeuacha mchangani, ukiamka uko majini.

Mwajuma: Ndiyo maana masika hatukujenga kitu. Tulirudishia udongo chini ya ukuta, tukaushindilia, tukaegemeza bati chakavu ili maji yaruke mbali. Basi. Kisha ziwa likafungwa lisivuliwe Mei 15 mpaka Agosti 15, Yusufu akawa hana pa kwenda usiku. Hapa naomba wote mjue. Miezi ile Yusufu hakuwa na mchango wa pesa, na alikuja kwangu ana huzuni, ananiambia dada mimi nitatoa nini? Lakini mtaro wote wa nyuma, kutoka kona ya jiko mpaka barabarani, kauchimba yeye, kaupanga mawe yeye. Kwenye hesabu nimeandika kazi yake kwa bei ya kibarua, iko pamoja na michango yenu.

Shabani: Nimeiona na nimeunga mkono. Yusufu, Mungu akuzidishie.

Yusufu: Amina kaka. Ni nyumba ya mama yetu.

Mwajuma: Juni tukabandua lipu yote ya zamani upande ule. Matofali yale ni ya kuchoma, baba yetu aliyaunganisha kwa udongo kama walivyojenga wote wakati ule. Fundi wa sasa akakwangua udongo wa kwenye viungo, akajaza saruji, tukauacha ukuta upigwe na jua Juni na Julai yote. Watu wakipita wanauliza mbona nyumba mmeivua nguo! Tulivumilia. Agosti tukafungua bati la nyuma, kenchi mbili, zile mbao zinazobeba bati, mchwa wameshazila, ukizibonyeza kwa kidole kinaingia. Tukaweka mbao za dawa, bati jipya la geji 28.

Rehema: Kwani la 30 si ndiyo nene zaidi wifi?

Mwajuma: Hapana wifi, namba ikipanda bati linakuwa jembamba. La 28 ni nene kuliko la 30. Wengi dukani wanauziwa hapo.

Mwajuma: Septemba fishabodi, yaani mbao za ukingo wa paa, gata na lipu mpya. Nasra akawa anaimwagia lipu maji asubuhi na jioni wiki nzima, kwa sababu saruji haikomai kwa kukauka upesi, inakomaa kwa kunyweshwa. Oktoba tenki. Hapo mvua zikaanza.

Zaituni: Na mimi mmenisahau? Mwaka huu huu nimetolewa mtoto wa jicho. Sasa natunga uzi kwenye sindano mwenyewe!

Mwajuma: Hatukusahau shangazi! Lile lilikuwa tukio la mwaka. Na Hamza wa Yusufu kaanza kutembea, hatua zake za kwanza kazipigia kwenye sakafu ya kwa bibi yake. Na Shabani kapandishwa cheo. Na Nasra kamaliza shule. Mungu ametupa mengi.

Rehema: Hamza! Tumeni picha yake na viatu vile nilivyomtumia.

Yusufu: Vimeshambana shemeji. Anakua kila siku.

Shabani: Basi turudi kwenye malumalu. Dada?

Mwajuma: Mimi nasema bado. Lakini kabla ya mimi, Nasra kaniambia Mama naye ana neno.

Nasra: Bibi anarekodi, subirini.

Nasra: [sauti ya Bibi]

Shabani: Niko kwenye daladala, kelele nyingi, siwezi kusikiliza. Nasra andika.

Nasra: Naandika kama alivyosema. "Shabani mwanangu, hujambo? Wajukuu wazima? Malumalu ni mazuri, nimeyaona kwa jirani. Lakini mimi sebuleni nakaa saa ngapi? Nikishaswali alfajiri natoka kibarazani. Mawese yangu nauzia pale. Watoto wa madrasa wananisalimia pale. Wenzangu wakitoka sokoni wanapumzika pale tunaongea. Sasa kibaraza kimemomonyoka ukingo, na ile ngazi imebaki moja ndefu, goti langu la kushoto linaikataa. Bi mkubwa wa nyumba ya tatu naye alijikwaa, tangu hapo anasalimia kutoka barabarani anapita. Mkiniwekea malumalu ndani, nitakaa na nani?"

Zaituni: Wifi yangu kasema yote.

Rehema: Jamani mama. Nimeisikiliza mara mbili.

Shabani: Mwambie Mama nimemsikia na nakubali kwa moyo mmoja. Mwakani tunaanza na kibaraza. Mjomba, kijengwe vipi?

Mussa: Kwanza ngazi. Hiyo moja ndefu igawanywe ziwe fupi, kila moja isizidi sentimita 15 kwenda juu, na mahali pa kukanyaga pawe sentimita 30, mguu wote ukae. Pembeni bomba la kushikia, lichimbiwe kwenye zege, lisipigiwe misumari tu. Pili, juu ya kibaraza fundi asipige niru, ule uji wa saruji wa kulainisha. Niru ikilowa inateleza. Apitishe brashi saruji ikiwa mbichi, ibaki na mikwaruzo. Tatu, kiinamie nje, sentimita mbili kwa kila mita, maji yasirudi mlangoni.

Shabani: Na malumalu? Si kwamba nayalazimisha, nataka nielewe.

Mussa: Jamvi la sebule, yaani zege la sakafu, lilimwagwa zamani bila nailoni chini. Unyevu wa ardhini ukiwa bado unapanda, malumalu yatainuka moja moja. Tupime. Nasra akate nailoni nzito, mita moja kila upande, aitandike sebuleni kwenye sakafu, abandike kingo zote kwa utepe wa gundi, aiache usiku na mchana. Akiibandua akikuta matone chini yake, jamvi bado linavuta maji. Apime sasa wakati wa mvua, na arudie masika ikikaribia kwisha.

Nasra: Nailoni ile iliyofunika godoro jipya ipo. Naitandika usiku huu.

Mwajuma: Kibaraza chenyewe tukimwage Juni. Saruji tusinunue sasa, mifuko ikikaa masika yote inashika unyevu, inakuwa mawe. Mchanga na kokoto tunaweza kukusanya kidogo kidogo. Lakini goti la Mama halitangoja Juni.

Yusufu: Mawe ya mtaro yamebaki, yako nyuma ya jiko. Naweza kupanga ngazi mbili za muda, niziunganishe kwa saruji ile nusu mfuko iliyobaki kwa Dada kama haijaganda.

Mwajuma: Haijaganda, niliiweka juu ya mbao, mbali na ukuta. Nimeigusa juzi, ni unga.

Rehema: Na bomba la kushikia nalitoa mimi. Mniambie bei tu, nitume kesho.

Shabani: Yusufu, si uko ziwani siku hizi? Sasa ni giza.

Yusufu: Ndiyo, giza limekolea, dagaa wanakuja kwenye taa. Leo upepo umetuzuia. Mwezi ukianza kuwa mkubwa tutapumzika, nitatoa na mchango wangu wa pesa hapo. Ngazi nazipanga kesho asubuhi kabla sijashuka mwalo wa Kibirizi.

Zaituni: Nitumie dagaa Kasulu, wa hapa wamekuwa na mchanga.

Yusufu: Utawapata shangazi. Na samaki wa mgebuka nitakuchagulia.

Nasra: Bibi anauliza kesho saa ngapi, aandae chai.

Yusufu: Baada ya swala ya alfajiri, mvua ikikatika.

Mwajuma: Ukija pitia kwangu kwanza uchukue mwiko na pimamaji, viko nyuma ya mlango. Na Nasra, mwambie Bibi asitoke kibarazani mpaka saruji ishike. Atangoja hata kama wateja wa mawese wamefika.

Nasra: Nimemwambia. Anasema atauzia dirishani.