Python au C++ kwa kazi za hesabu za masoko ya fedha?

KijanaWaHesabu: Wakuu, heshima kwenu. Nimemaliza shahada ya hisabati, nataka kazi ya kukadiria bei na hatari za hisa, hatifungani na opsheni (haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyokubaliwa), hata ikibidi nitoke nchini. Nina miezi sita na laptopu moja. Nianze na lugha gani ya programu, Python au C++?

Mpigakasia: C++, usipoteze muda. Kampuni zinazoshindana kwa mikrosekunde hazikungoji. Python ya kuchezea, Excel tuwaachie wahasibu.

MamaMizania: "Tuwaachie wahasibu" ndiyo nini? Nina miaka 14 kwenye kazi hii ya uhasibu. Mwaka juzi mfumo wa ofisi yetu, ulioandikwa na vijana wa C++, ulisoma 04/03 kama Aprili 3. Riba ya hatifungani ilipaswa kulipwa Machi 4. Mwezi mzima wa riba ukahama, na aliyeona kosa ni mimi, mhasibu mwenye Excel.

Mpigakasia: Mama, sijakutukana. Ila benki ya JPMorgan 2012, kule London, walipoteza zaidi ya dola bilioni 6, na hesabu zao za hatari zilikuwa za kunakili na kubandika kwenye Excel. Fomula iligawanya kwa jumla badala ya wastani, hatari ikaonekana ndogo.

MamaMizania: Excel ndiyo iliyoingia kwenye zile biashara za hasara? Na Knight Capital, ile kampuni ya kununua na kuuza hisa, je? 2011 kama sikosei, pesa zimeteketea kwa nusu saa. Ile ilikuwa Excel?

Ngalawa: Ni Agosti 1, 2012, dakika kama 45, zaidi ya dola milioni 400. Seva moja kati ya nane haikuwekewa programu mpya, ya zamani ikaamka. Na wewe Mpigakasia, Python ya kuchezea? Wes McKinney alianza kuandika pandas, zana ya Python ya kuchambua data, 2008 akiwa kampuni ya uwekezaji ya AQR, wanaosimamia mabilioni. Jane Street, kampuni ya biashara ya masoko ya fedha, nao wanatumia OCaml, lugha nyingine kabisa ya programu, wala hawafi njaa.

Mpigakasia: OCaml utamfundisha nani hapa Dar? Unamchanganya mtoto wa watu.

Ngalawa: Ameshasema yuko tayari kutoka nchini. Soma swali kabla ya kubisha.

Mpigakasia: Nimelisoma. Mimi nimeomba kazi hizo mara tatu, mara zote nikaangushwa kwenye mtihani wa C++. Naongea kwa uchungu, sitaki naye yamkute.

MamaMizania: Pole sana, baba. Hilo ungelianza nalo tungeelewana mapema. Bado neno lako kuhusu wahasibu sijalimeza.

KijanaWaHesabu: Shikamoo mama. Ile tarehe uliigunduaje?

MamaMizania: Marahaba mwanangu. Jumla iligoma kukaa. Nikashusha kalenda ya ukutani, nikahesabu siku kwa kidole tangu malipo ya Septemba. Zangu zilikuwa 181, za mfumo 211. Nikarudia mara tatu ndipo nikampigia bosi.

KijanaWaHesabu: Una faili la mfano nijaribu kulihesabu kwa Python?

MamaMizania: La ofisi siwezi kutoa. Nitakutengenezea jingine Jumamosi.