Majirani Barabara ya Vumbi

JUMANNE

[06:14] Mama Neema: Habari za asubuhi majirani. Naomba mnisome vizuri, sitarudia.

[06:16] Mama Neema: Kwenye geti la kwa Mama Pili pamebandikwa karatasi tangu juzi. Mnapita, mnaiona, hakuna aliyefungua mdomo. Ni maombi ya kubadilisha matumizi ya kiwanja, kutoka makazi kuwa makazi na biashara. Ghorofa saba. Chini fremu, juu ya fremu ukumbi, juu ya ukumbi vyumba vya kulala wageni.

[06:16] Mama Neema: 📷 Picha

[06:18] Mama Neema: Mwenye pingamizi alipeleke kwa maandishi kwa mkurugenzi wa manispaa, mwisho Ijumaa saa tisa na nusu alasiri. IJUMAA HII.

[07:40] Mama Neema: Mmesoma, nawaona.

[08:02] Daktari: 👍🏾

[08:03] Mama Neema: Daktari, hilo dole ni la kulikubali ghorofa au la kulikataa?

[09:31] Mama Salma: Asalaam aleikum wapendwa. Sato wa Mwanza wameingia alfajiri. Wapo wakubwa wa kuchoma na wadogo wa mchuzi. Naleta hadi mlangoni.

[09:32] Dogo Rama: Wakubwa bei gani mama

[09:32] Baba Eliya: Niwekee wawili

[09:33] Mama Brayan: Mimi watatu wa mchuzi, nitamtuma mtoto

[09:33] Daktari: Mmoja mkubwa. Naomba uwe umeshampara.

[09:34] Mama Neema: Kwenye sato mko macho.

[09:35] Mama Salma: Nisamehe mwenyekiti 😂

[09:36] Mama Neema: Mimi katibu. Mwenyekiti yuko shamba Morogoro na simu yake haina chaji tangu Pasaka.

[09:41] Dogo Rama: Ila ghorofa saba kwenye kiwanja cha 12 kwa 24 si litasimama kama penseli

[09:44] Mama Neema: Aliyenunua kwa Mama Pili amenunua na cha nyuma, anaviunganisha. Ndio maana nasema someni karatasi.

[10:10] Mama Neema: Anayekubali kutia sahihi anakili hii, aongeze jina, airudishe.
1. Mama Neema

[12:47] Mama Brayan: 1. Mama Neema
2. Mama Brayan

[12:50] Dogo Rama: 1. Mama Neema
2. Mama Brayan
3. Rama (mpangaji, naruhusiwa?)

[12:58] Fundi Side: 1. Mama Neema
2. Mama Brayan
3. Rama (mpangaji, naruhusiwa?)
4. Jogoo wa Daktari

[12:58] Fundi Side: Huyu naye ana haki. Ukumbi ukikesha na muziki, ataamsha watu saa ngapi?

[12:59] Mama Salma: 😂😂😂

[13:00] Dogo Rama: Jogoo aseme kwanza kama yeye ni mwenye nyumba au mpangaji

[13:04] Mama Neema: Side, ukuta wako ndio unaopakana. Wakianza kuchimba msingi utacheka vizuri zaidi.

[13:20] Mama Brayan: Kweli jamani. Mimi tangu lile la Kariakoo lilipoanguka Novemba 2024, nikisikia mtu anachimba karibu na ghorofa nasogeza kitanda. Na lile lilikuwa la ghorofa nne tu.

[13:52] Baba Eliya: Naomba niulize kama mwenye nyumba, msinielewe vibaya. Ghorofa likija, viwanja vyetu vinapanda thamani au vinashuka? Mji unakua. Hatuwezi kukaa na mabati ya mwaka 80 halafu tunaita mazingira.

[13:53] Fundi Side: 👀

[13:55] Mama Neema: Baba Eliya, kabla hujatusomesha. Zile fremu zako tatu zinazotazama barabara, karatasi yake ilibandikwa geti gani?

[14:10] Baba Eliya: Fremu zangu zina leseni ya biashara. Zote.

[14:11] Mama Neema: Leseni ya biashara anapewa anayeuza soda. Mimi nauliza kibali cha kubadilisha matumizi ya kiwanja.

[14:13] Baba Eliya: Huyu mnayempinga angalau amebandika karatasi.

[14:13] Mama Neema: Kwa hiyo unajijua.

[14:19] Baba Eliya: Sawa, kama ni siku ya kuulizana, tuulizane yote. Hela ya wakili. Ile ya kiwanja cha watoto. Kila nyumba ilitoa elfu thelathini, wakili hatukumwona, kiwanja kikazungushwa ukuta, leo ni gereji. Daftari alikuwa analishika nani?

[14:20] Mama Salma: Baba Eliya jamani

[14:22] Mama Neema: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

[14:23] Mama Neema: Marehemu hayupo kukujibu. Unajua hayupo.

[14:40] Dogo Rama: Mama Salma wale sato bado wapo?

[14:41] Mama Brayan: Rama!

[16:05] Joy wa Kona: Shikamooni wakubwa zangu. Nimesoma kuanzia juu, nilikuwa kikaoni. Niko Dodoma lakini nyumba ya baba bado iko hapo kona, kwa hiyo na mimi inanihusu. Mama Neema, rasimu ya barua unayo?

[16:06] Mama Neema: Marahaba mwanangu. Angalau mmoja ameuliza cha maana. Naiweka.

[16:06] Mama Neema: 📄 pingamizi wakazi MPYA mpya 2

[16:31] Joy wa Kona: Nimeisoma. Shangazi, usinune, ila hii ni barua ya hasira. "Hatutaki", "tunapinga vikali", "uroho". Kamati ya mipango miji haina pa kuiandika hasira. Maombi haya yanakwenda kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, kwa hiyo wapeni kitu ambacho afisa mipango miji akikisoma lazima akijibu. Majitaka ya vyumba vyote hivyo yanakwenda wapi? Maji ya mvua je? Magari ya watu wa ukumbi yatalala wapi? Gari la zimamoto linaingiaje?

[16:33] Joy wa Kona: Halafu ombeni kuona mchoro wa mipango miji wa eneo letu unasemaje kuhusu hivyo viwanja viwili. Na muulize kama kuna tathmini ya athari kwa mazingira iliyopita NEMC, lile baraza la mazingira. Msiseme haipo. Ulizeni.

[16:34] Mama Neema: Uroho nitautoa. "Vikali" nitaiacha.

[16:52] Fundi Side: Kwenye majitaka sasa naongea bila utani. Mashimo ya vyoo ya mtaa huu nusu nimechimba mimi. Hapa hakuna bomba la majitaka, kila mtu na shimo lake. Masika unachimba futi saba unakutana na maji. Kwa Daktari nilisimamia futi sita, chini yake ni uji mtupu. Sasa huyu wa vyumba vya wageni kila chumba na choo na bafu. Shimo lake litajaa kila wiki, atasubiri mvua ya usiku afungulie kwenye mtaro. Sio kwamba namsingizia. Mnajua kabisa nani anafungulia hata sasa hivi.

[16:53] Mama Salma: Tunamjua

[16:53] Mama Brayan: Tunamjua sana

[16:55] Daktari: Simo.

[16:58] Fundi Side: Na mtaro wetu unakwenda kumwaga Mto Ng'ombe. Wale wa DMDP, mradi wa kuboresha jiji, wameujengea mto kuta, safi kabisa, lakini mtaro wa humu ndani ni uleule wa zamani, upana wa ndoo. Ukizidiwa, maji hayaendi mtoni. Yanarudi sebuleni kwa Mama Salma.

[17:01] Joy wa Kona: Kaka Side, haya uliyoandika ndiyo barua yenyewe. Mama Neema nakili kama yalivyo, toa ndoo tu.

[17:02] Fundi Side: Ndoo ibaki, ndio kipimo







[20:47] Mzee Shomari: 🎤 Sauti (4:06)

[20:49] Mama Brayan: Shikamoo mzee. Niko kwenye daladala sisikii, kuna mtu atuandikie?

[20:50] Dogo Rama: Naandika mimi, subirini

[21:12] Dogo Rama: Mzee anasema hivi, naandika maneno yake. Wanangu, asalaam aleikum. Mjukuu wangu amenisomea yote mliyoandika toka asubuhi, pamoja na ya samaki. Mimi kiwanja hiki nilipewa mwaka 1977, ule mradi wa Benki ya Dunia, tukaambiwa jengeni wenyewe polepole. Tuliojenga pamoja upande huu tumebaki wawili, na mmoja ni Mama Pili, naye amekwenda Chanika kwa mwanawe.

[21:15] Dogo Rama: Anaendelea. Mama Pili hakuamka tu akauza. Alikuja kwangu mara mbili. Alitaka anunue mtu wa hapahapa mtaani, hata kwa kulipa kidogokidogo. Akapita nyumba zenu. Kila mmoja alimwambia subiri. Mumewe alipolazwa, mimi miguu yangu hii nilikwenda kwa bajaji, sikumkuta jirani wodini. Leo barua imeandikwa "mjane aliyeshawishiwa na madalali". Nani kawaambia alishawishiwa? Aliomba, mkanyamaza.

[21:17] Dogo Rama: Na hii ndiyo ya mwisho. Aya ya pili inayomtaja Mama Pili itoke. Ikibaki, mimi sitii sahihi, na nyumba yangu msiihesabu. Maji machafu natia sahihi, hilo ni la wote, hata la Baba Eliya na fremu zake. Kuhusu hela ya wakili, Baba Neema alinikabidhi daftari kabla hajafa. Ninalo. Kurasa nyingine mchwa wamekula, zilizobaki zinasomeka. Alhamisi baada ya alasiri njooni kwangu mlisome, wote mkiwa mnatazamana. Basi.

[21:58] Mama Salma: Tumekusikia Babu

[22:06] Daktari: Tumekusikia mzee.

[22:31] Baba Eliya: Shikamoo Baba. Nimekusikia.

[22:40] Mama Neema: Aya ya pili nimeitoa.

JUMATANO

[06:20] Mama Neema: Rasimu mpya hiyo. Kesho Alhamisi baada ya alasiri, kwa Mzee Shomari. Tunasoma, tunatia sahihi, Ijumaa asubuhi inakwenda. Nani ana printa?

[06:20] Mama Neema: 📄 pingamizi wakazi MWISHO kabisa

[09:15] Mama Neema: Printa jamani.

[10:02] Mama Brayan: Ofisini ipo ila wino wanahesabu siku hizi. Kurasa ngapi?

[10:03] Mama Neema: Tatu, na ya majina nne.

[10:03] Mama Brayan: Nitaiba mbili

[10:30] Joy wa Kona: Mbele ya kila jina wekeni namba ya kiwanja. Jina tupu halioneshi kama mtu ni jirani au mpita njia. Wapangaji nao watie sahihi, waandike tu kuwa ni wapangaji wa kiwanja namba fulani. Na wewe Rama unaishi hapa, moshi na kelele vitakupata vilevile.

[10:34] Baba Eliya: Namba za viwanja siweki humu kwenye grupu. Humu kuna madalali.

[10:35] Fundi Side: Nani dalali?

[10:35] Baba Eliya: Sijataja mtu

[10:36] Fundi Side: Kumpeleka mtu kuona kiwanja mara moja sio udalali

[10:41] Mama Neema: Namba mtaandika kwa kalamu kesho. Endeleeni na kazi.

[11:18] Mama Salma: Mimi nina swali, msinicheke. Hati yetu bado ina jina la marehemu baba mkwe. Mirathi haijafunguliwa mpaka leo, ndugu wa mume wako Tanga na Muscat. Nikitia sahihi mimi si wataniuliza kama nani?

[11:25] Mama Brayan: Kwetu hivyo hivyo

[11:25] Daktari: Na kwangu.

[11:40] Joy wa Kona: Na kwetu pia 🙈 Andikeni "mkazi". Hapa hatugombei umiliki, tunasema tunaishi jirani na hilo jengo. Ila mirathi mfungue jamani, siku mkitaka kibali cha hata choo mtakwama.

[13:07] Mjumbe wa Shina: Nimeona sasa. Mtendaji yuko semina hadi Ijumaa mchana. Kama mnataka muhuri wa mtaa kwenye barua itabidi msubiri.

[13:08] Mama Neema: Ijumaa mchana saa ngapi?

[13:08] Mama Neema: Mjumbe

[13:30] Mama Neema: Mjumbe saa ngapi?

[15:02] Joy wa Kona: Pingamizi ni lenu, muhuri wa mtaa ukikosekana msisubiri. Nakala moja mpeni mtendaji akirudi, nyingine diwani.

[15:10] Baba Eliya: Mimi naona bila muhuri wataitupa.

[15:11] Mama Neema: Wewe unaona au unaombea?

ALHAMISI

[18:55] Mama Neema: Ahsanteni mliofika. Waliotia sahihi wapo tisa. Daftari tumesoma hadi pale lilipoliwa, na mimi nasema hadharani: hela ya wakili ya Baba Eliya imeandikwa kuwa ilipokelewa, na ilipokwenda hapajaliwa na mchwa. Aliyeona ameona.

[18:57] Baba Eliya: Niliona. Lakini ukurasa unaofuata haupo.

[18:58] Mama Neema: Haupo.

[19:20] Baba Eliya: Ya majitaka mimi natia sahihi. Ile aya ya kupinga biashara kwenye makazi siwezi, nitakuwa najipinga mwenyewe.

[19:21] Mama Neema: Barua ni moja Baba Eliya. Hutii nusu.

[19:24] Baba Eliya: Basi iandikwe "biashara ya ukumbi na nyumba ya wageni". Fremu zitoke.

[19:31] Joy wa Kona: Kusema kweli hilo linasaidia. Mkikataa biashara yote, atakayekuja kukagua ataanza na fremu zilizopo.

[19:50] Mama Neema: Mama Brayan, ukurasa wa pili unaweza kuutoa upya kesho asubuhi?

[20:15] Mama Brayan: Naingia kazini saa mbili, wa printa anafika saa tatu. Nitajaribu.

[20:16] Mama Neema: Ikitoka Rama ailete, nipite kwa Baba Eliya atie, halafu niende. Nani anaongozana na mimi manispaa? Safari ile nilikwenda peke yangu nikaambiwa niache juu ya meza.

[20:22] Joy wa Kona: Shangazi, usiache juu ya meza. Nenda na nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila hiyo ni kama hukwenda.

[20:40] Mama Neema: Nani anaongozana na mimi?

[21:03] Dogo Rama: Mimi nakupeleka na pikipiki mama, ila kofia ngumu ninayo moja

[21:04] Mama Neema: Mwenye kofia ya pili?