Wauza dagaa wa Mwanza, imeli na Insta mnaviunganishaje?

dagaa_wa_ziwa: Wakuu habarini, nauza dagaa wa kukaanga, mzigo natoa Mwaloni Kirumba napaki nusu kilo natuma mpaka Dar kwa basi. Insta nina watu kibao ila mwezi jana akaunti ilifungwa siku nne nikawa sina hata namba ya mteja mmoja, nilichanganyikiwa. Nataka nikusanye imeli, ila Bongo nani anasoma imeli?

mjasiriamali_nyegezi: Mahoteli na maofisi wanasoma sana. Weka linki ya kujiandikisha kwenye bio, ukiposti dagaa wakiwa wameanikwa waambie bei ya jumla inatoka Ijumaa kwenye imeli tu. Na imeli iwe na linki ya Insta chini, vinalishana.

kaka_sangara: Ila usiweke watu wote kwenye Cc kama mimi, kila mtu akaona anwani ya mwenzake, matusi niliyokula 😂 tumia Mailchimp, ile huduma ya kutuma imeli kwa watu wengi, kila mtu anapata yake. Halafu omba ruhusa, sheria ya taarifa binafsi ipo tangu 2022.

dagaa_wa_ziwa: Broadcast ya WhatsApp je?

kaka_sangara: Listi moja mwisho watu 256, na asiyekusevu haimfikii.

dagaa_wa_ziwa: Duh! Basi ngoja niandike imeli ya kwanza leo usiku, umeme usikatike tu.