Nilipata ziro kidato cha nne, ila pikipiki naijua. Cheti nakipataje?

Kijana wa Msamvu
Shikamooni wakubwa. Nipo Morogoro, nina miaka 24. Kidato cha nne nilipata ziro, tangu hapo nipo kwa fundi mmoja wa pikipiki. Injini naishusha mwenyewe, nabadilisha pistoni na ringi, naseti valvu. Kuna wateja wakija wananiulizia mimi. Lakini kila tangazo la kazi linataka cheti. Mama anasema nirudie mtihani. Nifanyeje?

Fundi wa Nyakato
Marahaba mdogo wangu. Mimi niliishia darasa la saba na karakana ndiyo inayosomesha wanangu, kwa hiyo hili linanigusa. Spana usiiache. Nenda VETA, chuo cha ufundi hapo Kihonda, uliza habari za urasimishaji wa ujuzi. Utaratibu huo upo kwa ajili yetu tuliojifunzia kazi kijiweni: wanakupima unachojua, wanaangalia palipopungua, unapewa mafunzo ya kujazia, kisha unapimwa tena upate cheti.

Mimi nilipopimwa, mikono haikunisumbua. Kazi ilikuwa kwenye maelezo. Mpimaji aliniambia niseti valvu, huku nikieleza kwa nini injini lazima iwe imepoa. Mtaani tunaseti kwa kusikiliza mlio. Pale ilibidi nishike geji ya kupimia uwazi wa valvu na kutaja kipimo. Basi anza sasa hivi kutumia geji kwa kila pikipiki inayoingia, na vipimo viandike kwenye daftari. Fundi mwenzako akikucheka, mwache acheke.

Mama Tumaini
Mwanangu, mama yako naye ana hoja. Nafundisha wanaorudia mtihani, masomo ya jioni. Wewe kidato cha nne ulishafanya, kwa hiyo QT, yaani mtihani wa maarifa, haikuhusu, hiyo ni ya ambao hawakuvuka kidato cha pili. Unajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, unafanya Novemba. Mchana uko gereji, jioni unasoma. Wengi ninaowafundisha wanaishi hivyo hivyo.

Kijana wa Msamvu
Asanteni sana. Ila sina karatasi yoyote ya kuonyesha nimefanya kazi.

Fundi wa Nyakato
Mwombe fundi wako akuandikie barua, aseme umeanza lini na unafanya nini. Nenda nayo pamoja na hilo daftari la vipimo. Na kama mpo vijana kadhaa hapo mnaoelewana, anzeni kikundi, mkaulize kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Asilimia nne kati ya hizo ni za vijana, na mkopo hauna riba. Kopeni kwa ajili ya vifaa tu. Nimeona kikundi kikigawana pesa ya mkopo, na marejesho yakawashinda wote.

Ada na tarehe za upimaji kaulizie mwenyewe ofisini VETA. Usimpe hela mtu anayesema atakufuatilia.