Tupeane uzoefu: kibadilika gani cha lugha ya programu C kilikunyima usingizi?

PointaTupu (mwanzisha mada)
Wakuu, naanza mwenyewe. Niliandika fanksheni ya kuunganisha jina la mtu na la ukoo. Ndani nikatangaza char jina[50], nikalijaza, kisha nikarudisha anwani yake kupitia pointa (kibadilika kinachoshika anwani ya kumbukumbu). Kompaila haikuguna. Jina likatoka safi. Nikaongeza printf (ya kuchapisha) moja tu, zikatoka takataka. Nikaiondoa, jina likarudi! Siku mbili nzima naituhumu printf.

Kumbe kibadilika cha ndani ya fanksheni ni auto, yaani cha muda, hata usipoliandika neno hilo. Kinakaa kwenye staki (kumbukumbu ya muda ya fanksheni), na fanksheni ikimaliza, nafasi ile anapewa mwingine. Nilikuwa namwelekeza mgeni kwenye chumba ambacho mpangaji ameshahama. Haya, leteni na yenu.

ChozilaKompaila
Hiyo yako niliitibu kwa static, na jina halikuharibika tena. Nikajiona fundi. Siku moja nikaiita fanksheni hiyohiyo mara mbili ndani ya printf moja, nichapishe watu wawili. Likatoka jina moja, mara mbili. Static ni nafasi moja kwa uhai wote wa programu. Ajaye anafuta cha aliyetangulia. Ndivyo ilivyo hata strtok, fanksheni ya kukata sentensi vipande: inakumbuka yenyewe ilipoishia, ndiyo maana ukijaribu kuchambua sentensi mbili kwa zamu inakuchanganyia. Siku hizi anayeita fanksheni yangu anakuja na chombo chake, mimi nakijaza tu.

SifuriKasoroMoja
Mimi ni unsigned, namba isiyokubali hasi. Nilitaka kupita safu kutoka mwisho kurudi mwanzo: for (unsigned i = n - 1; i >= 0; i--). Sasa unsigned itakuwaje chini ya sifuri? Ikifika 0 ukatoa moja, kwenye int ya biti 32 unapata 4294967295. Lupu haikomi, na programu inakwenda kugonga kumbukumbu isiyo yake. Ningewasha -Wextra (swichi ya maonyo ya ziada), kompaila ya GCC ingeniambia mapema kwamba sharti hilo ni kweli daima.

Baiti255
Yangu ilinichekesha baadaye, siyo siku ile. Nilipokea jibu la getchar, inayosoma herufi moja moja, kwenye char. Kwenye kompyuta yangu ya x86 (prosesa za Intel na AMD) kazi ikaenda vizuri miezi kadhaa. Nikahamisha msimbo uleule kwenye bodi ndogo ya ARM (aina nyingine ya prosesa) yenye Linux, lupu ikagoma kusimama.

Sababu: C haijaamua kama char ina alama ya hasi au haina, imewaachia watengenezaji. Kule x86 kwa kawaida inayo, kwa hiyo EOF, alama ya mwisho wa faili ambayo ni -1, ilibaki -1. Kwenye ARM ile haina, -1 ikageuka 255, na 255 haitalingana na -1 hata ungoje mwaka. Na hata x86 nilikuwa na bahati tu: faili lingekuwa na baiti ya 255, lingekatwa katikati. Getchar inarudisha int. Ipokee kwa int.

FailiMbili
Niliweka int hesabu; kwenye faili la vichwa (.h), mafaili mawili yakalivuta. Ikafanya kazi miaka. Ikaja GCC 10 mwaka 2020, kuunganisha kukakataa: hesabu imefafanuliwa mara mbili. Zamani GCC ilikuwa inaunganisha fafanuzi hizo kimyakimya. Sasa kwenye vichwa naandika extern (yaani kipo kwingine), ufafanuzi unabaki faili moja. Kama sitaki mafaili mengine yakiguse, naweka static, ambayo nje ya fanksheni hukificha ndani ya faili lake.

MpendaKasi
Nilijaza neno register (la kuomba kibadilika kikae ndani ya prosesa) kila mahali nikidhani naharakisha. Nilichoambulia ni kukatazwa kuchukua anwani ya kibadilika kwa & tu.

PointaTupu
Nimecheka. SifuriKasoroMoja, lupu yako uliirekebishaje?

SifuriKasoroMoja
for (unsigned i = n; i-- > 0; ). Inapima kwanza, inapunguza ndipo inaingia. Wa mwisho kuguswa ni 0, halafu inasimama. Niliibandika ukutani.