Naomba ushauri: Dar na Nairobi, upi uongoze kwa idadi ya watu?

Wakuu, habari zenu. Nafundisha jiografia sekondari, naandaa chati ya miji mikubwa ya Afrika Mashariki, nimekwama kwenye mipaka.

Sensa ya 2022 inaipa Dar es Salaam watu 5,383,728. Nairobi, sensa ya 2019, ni 4,397,073. Lakini hiyo ni kaunti tu! Ruiru iko Kiambu, Rongai na Kitengela Kajiado, Mlolongo Machakos, na alfajiri wakazi wa huko wamejaa kwenye matatu wakiwahi kazini Nairobi. Nikijumlisha Kiambu nzima (2,417,735), Nairobi inaipita Dar, ila nitakuwa nimehesabu hadi wachuma chai wa Limuru. Na Dar nayo imeshavuka Kongowe, nyumba zinaendelea mpaka Vikindu, mkoa wa Pwani.

Marekani wanaangalia asilimia ya wafanyakazi wanaosafiri kila siku kwenda kazini mjini. Umoja wa Mataifa, kwenye takwimu za 2025, umefuata msongamano: maeneo yaliyoungana yenye watu wasiopungua 1,500 kwa kilomita ya mraba. Mimi naegemea msongamano, naona unawatendea haki wote.

Walimu wenzangu na watu wa mipango miji, mnanishauri nifuate kipi? Na pengo la miaka mitatu kati ya sensa hizi nilizibeje?